SOMO LA PICHA: KUPUNGUZA UKUNGU KATIKA PICHA ZA MIRADI KWA PROGRAMU ZA ZAMANI



Kila robo mwaka kamati za maendeleo za parokia hututumia taarifa za miradi, na karibu kila taarifa huja na picha. Tunazishukuru sana picha hizo, kwa sababu mhisani aliye mbali hana njia nyingine rahisi ya kuona kitalu, bwawa au matuta aliyoyachangia. Hata hivyo picha nyingi, hasa zile zinazopigwa kutoka kilimani kuelekea bondeni au ng'ambo ya pili, hufika zikiwa na weupe unaofunika kila kitu. Mlima unaonekana kama kivuli, matuta hayahesabiki, na miti haitofautiani na nyasi. Aliyepiga picha hushangaa na kusema, "Mbona kwa macho niliona vizuri?"

Somo hili linaeleza jinsi ya kupunguza weupe huo kwa kutumia programu za zamani, zile ambazo hata kompyuta ya kizamani ya ofisi ya parokia inaweza kuziendesha. Mwishoni tutazungumzia jambo zito kuliko ufundi wenyewe, yaani ni wakati gani ukungu uondolewe na wakati gani uachwe. Jambo hilo tulijifunza kwa kosa letu wenyewe, nasi tutalisimulia bila kuficha.

MALENGO YA SOMO

Mwishoni mwa somo hili msomaji ataweza:

1. Kueleza kwa nini picha za mbali hupata ukungu.
2. Kupiga picha yenye ukungu kidogo tangu mwanzo.
3. Kupunguza ukungu kwa programu ya GIMP, hatua kwa hatua.
4. Kupima kama picha iliyosafishwa bado inasema kweli.

1. UKUNGU KATIKA PICHA HUTOKA WAPI?

Hewa iliyopo kati ya kamera na mlima si tupu. Ina vumbi, moshi, matone madogo mno ya maji, na kwa wale walio pwani, chumvi ya bahari. Mwanga wa jua unapogonga chembe hizo hutawanyika pande zote, na sehemu yake huingia ndani ya kamera. Hivyo kamera hupokea mwanga wa aina mbili kwa pamoja: ule uliotoka mlimani, ambao umepungua njiani, na ule wa hewa yenyewe, ambao umeongezeka njiani. Mwanga huu wa pili ndio unaofanya weusi wa kivuli uwe kijivu. Katika somo hili tutauita utando.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka kuhusu utando.

Kwanza, huongezeka kwa umbali. Tuseme kwa kilomita 5 tofauti ya mwanga na kivuli imebaki nusu. Kwa kilomita 10 itabaki robo, na kwa kilomita 15 itabaki sehemu moja ya nane. Ndiyo maana mwembe ulio karibu nawe hutoka vizuri, na mlima ulio nyuma yake hupotea katika picha ileile.

Pili, rangi hazitawanyiki sawasawa. Mwaka 1871 mwanasayansi Mwingereza John William Strutt, aliyejulikana baadaye kama Lord Rayleigh, alieleza kuwa chembe ndogo sana hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Tofauti yake ni takriban mara 4. Kwa sababu hiyo milima ya mbali huonekana ya bluu. Vumbi na ukungu wa maji, kwa upande wao, ni chembe kubwa zaidi. Hizo hutawanya rangi zote karibu sawa, na utando wake huwa mweupe au wa kahawia.

Tatu, jicho huzoea, kamera haizoei. Mtu anapotazama mlima kwa muda, akili yake humsaidia kuupuuza utando. Kamera huandika kile ilichopokea tu. Hilo ndilo jibu la yule aliyeuliza mbona kwa macho aliona vizuri.

Kwa mfano wetu tuchukue mahali panapojulikana na wengi: Irente, karibu na Lushoto, katika milima ya Usambara. Ukisimama pale ukingoni unatazama uwanda wa Mazinde ulio karibu mita 1,000 chini yako. Baada ya mvua uwanda huonekana vizuri. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi na mashamba yakichomwa, picha iliyopigwa mahali palepale huwa ya kijivu tangu ukingo wa mwamba hadi upeo wa macho. Picha ya namna hiyo ndiyo tutakayoifanyia kazi.

2. KABLA YA KOMPYUTA

Utando usioingia kwenye kamera hauhitaji kuondolewa. Kwa hiyo kabla ya kufikiria programu, zingatieni yafuatayo:

- Futeni kioo cha kamera au cha simu kwa kitambaa laini cha pamba. Alama ya kidole hutoa weupe unaofanana kabisa na ukungu.
- Pigeni picha asubuhi au siku inayofuata mvua, kwa sababu mvua husafisha vumbi hewani. Endapo mahali penu hupata ukungu wa alfajiri, subirini upande.
- Simameni jua likiwa ubavuni au mgongoni. Mkilielekea jua, utando huongezeka maradufu. Kama hakuna namna, kingeni kioo kwa kiganja ili jua lisikipige moja kwa moja.
- Sogeeni karibu. Kutembea kilomita 2 kuelekea mteremko kunasaidia kuliko programu yoyote.
- Wekeni kamera kwenye ubora wa juu kabisa wa picha, na msikuze kwa njia ya dijitali.

3. MAANDALIZI

Tumechagua GIMP kwa sababu hutolewa bure na haihitaji leseni ya kununuliwa. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la kwanza kwa umma lilitoka mwaka 1996. Toleo la 2.8 lilitoka mwaka 2012, na la 2.10 mwaka 2018. La 2.10 huhitaji Windows 7 au mpya zaidi, kwa hiyo kompyuta ya zamani kuliko hiyo itumie 2.8. Kompyuta ya namna hiyo ni vema isiunganishwe na intaneti, kwani haina tena kinga dhidi ya virusi vipya. Pelekeni picha kwa flashi, fanyeni kazi, kisha rudisheni.

Menyu za programu hii zipo kwa Kiingereza. Tumeandika maneno yake kama yanavyosomeka kwenye skrini ili mwanafunzi ayatambue.

4. HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1: Tunza picha ya asili. Nakili faili, kisha uipe nakala jina jipya, kwa mfano "irente-kazi". Picha ya asili isiguswe kamwe. Baadaye katika somo hili mtaona kuwa ndiyo shahidi wenu.

Hatua ya 2: Tengeneza tabaka la pili. Fungua nakala, nenda menyu ya "Layer", bofya "Duplicate Layer". Sasa una picha mbili zinazolingana, moja juu ya nyingine, kama karatasi mbili za nailoni zilizopangwa pamoja. Kazi yote itafanyika kwenye tabaka la juu. La chini linabaki kama lilivyo.

Hatua ya 3: Pima utando wa mbali. Katika kompyuta kila nukta ya picha ina namba kati ya 0 na 255 kwa kila rangi. Sifuri ni giza kabisa, na 255 ni mwanga kamili. Chora mstatili kwa kipanya juu ya sehemu ya mbali tu, pasipo anga wala vitu vya karibu. Kisha fungua menyu ya "Colors", halafu "Levels". Utaona mchoro wenye umbo la kilima. Katika sehemu isiyo na utando kilima huanza karibu na ukuta wa kushoto, palipo na giza. Katika sehemu yenye utando kilima kimesogea kulia, na upande wa kushoto ni patupu, kwa sababu hewa imejumlisha mwanga wake juu ya kila kivuli.

Kwenye neno "Channel" chagua "Red", uandike namba ya mahali mguu wa kilima unapoanzia. Fanya hivyo kwa "Green" na kwa "Blue". Tuseme umepata 40 kwa nyekundu, 52 kwa kijani na 70 kwa bluu. Namba hizo tatu ndizo kipimo cha utando wako, na bluu kuwa kubwa kuliko zote ni lile jambo la mwaka 1871 mnaloliona kwa macho. Funga dirisha kwa "Cancel", kisha ondoa mstatili kwa menyu ya "Select", neno "None".

Hatua ya 4: Toa utando. Fungua "Levels" tena. Chini ya mchoro kuna pembetatu tatu: nyeusi, ya kijivu na nyeupe. Kwa kila rangi buruta pembetatu nyeusi mpaka kwenye namba uliyoandika. Maana yake unaiambia programu, "Ulichoandika kuwa 40, kihesabu kuwa sifuri." Umetoa kile ambacho hewa iliongeza. Msianze na "Value", kwa sababu huonyesha rangi iliyo juu kuliko zote tatu, na mkiitumia kutoa utando wa bluu mtaua vivuli vya rangi nyekundu.

Ukiona picha imekuwa ya njano, umevuta bluu kupita kiasi. Irudishe nyuma kidogo kidogo. Ukiona imekuwa nyeusi mno, nenda kwenye "Value" na usogeze pembetatu ya kijivu kushoto. Usishtuke vitu vya karibu vikigeuka vyeusi kabisa. Hatua inayofuata itavirudisha.

Hatua ya 5: Linda vitu vya karibu. Utando upo mbali, nasi tumeutoa kila mahali. Sasa tunahitaji dawa ifanye kazi mbali tu. Nenda "Layer", kisha "Mask", kisha "Add Layer Mask", uchague "White". Hii ni barakoa ya tabaka la juu: palipo peupe tabaka la juu huonekana, na palipo peusi hufichwa. Bonyeza herufi D ili rangi ziwe nyeusi na nyeupe. Chukua kifaa kinachoitwa "Blend" katika toleo la 2.8, au "Gradient" katika 2.10. Anza kubofya kwenye ardhi ya karibu, buruta kuelekea juu, uachie pale sehemu ya mbali inapoanzia. Katika 2.10 malizia kwa kubonyeza Enter. Utaona miti ya karibu imerudi katika hali yake, na uwanda wa mbali umebaki safi, bila mstari unaotenganisha.

Hatua ya 6: Rudisha umbo la vitu. Katika orodha ya matabaka bofya kijipicha cha tabaka lenyewe, si cha barakoa. Wengi hukosea hapa na kuifanyia kazi barakoa bila kujua. Fungua "Filters", kisha "Enhance", kisha "Unsharp Mask". Kwa kawaida kifaa hiki hunoa kingo za vitu kwa eneo dogo. Sisi tunakitumia kinyume, yaani eneo kubwa na nguvu ndogo: "Radius" 50, "Amount" 0.20, na "Threshold" 0. Kwa picha ndogo, yenye upana wa nukta 800 hivi, "Radius" ya 20 hadi 30 inatosha. Mabonde na migongo ya milima itaanza kutengana.

Hatua ya 7: Tuliza rangi. Utando ukitoka, rangi huongezeka nguvu hata kama hukuzigusa. Majani huwa ya kijani kuliko yalivyo. Fungua "Colors", kisha "Hue-Saturation", upunguze "Saturation" kwa 10 hadi 15. Halafu punguza "Opacity" ya tabaka la juu hadi 70 au 80 hivi. Acha kompyuta, kanywe chai, kisha urudi. Macho yaliyopumzika huona haraka palipozidi.

Hatua ya 8: Hifadhi. Hifadhi kazi kwa "Save" katika mtindo wa XCF, ambao hutunza matabaka yote. Nakala ya kutuma itoe kwa "Export" katika mtindo wa JPEG wenye ubora wa 90. Usifungue na kuhifadhi JPEG ileile mara nyingi, kwa kuwa kila mara hupoteza kitu.

5. KWA WENYE PROGRAMU NYINGINE

Photoshop za zamani zina vifaa vyote hivi. "Levels" ipo chini ya "Image", kisha "Adjustments", na kwenye "Unsharp Mask" nguvu huandikwa kwa asilimia, hivyo wekeni 20 badala ya 0.20. Picasa ilikoma kutolewa mwaka 2016, lakini kama bado ipo kwenye kompyuta yenu, kifaa chake cha "Shadows" husaidia kiasi, ingawa hufanya kazi kwenye picha nzima bila kutofautisha karibu na mbali.

Programu mpya zina kitufe kimoja cha kazi hii; Lightroom ilikipata mwaka 2015. Wazo lililoifungua njia hiyo lilitolewa mwaka 2009 na watafiti watatu, Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang. Waliona kuwa katika picha safi za nje, karibu kila kipande kidogo, ukiacha anga, kina nukta ambayo angalau rangi yake moja ni ya giza sana. Pale ambapo giza hilo limekosekana, utando upo, na kiasi kilichokosekana huonyesha unene wake. Mkiangalia vizuri mtaona ni kazi ileile ya kutafuta mguu wa kilima, isipokuwa kompyuta huitafuta kipande kwa kipande. Aliyefanya kwa mkono anajua kitufe hicho kinafanya nini.

6. UFUNDI UNAPOISHIA

Msitarajie muujiza. Tuseme mlima wa mbali ulichukua namba kuanzia 120 hadi 180 tu. Hizo ni ngazi 61. Mkizitandaza zienee kutoka 0 hadi 255, ngazi hubaki 61 zilezile, sasa zikiwa na mapengo kati yake. Anga hutokeza mistari kama ya ngazi za nyumba, na chengachenga za kamera hukuzwa pamoja na mlima. JPEG hugawa picha katika vyumba vidogo vya nukta 8 kwa 8, na vyumba hivyo navyo huanza kuonekana. Ukiona dalili hizo, rudi nyuma. Na kama ukungu ulifunika mlima kabisa, hakuna cha kurudisha. Kisichoingia kwenye kamera hakitoki kwenye kompyuta.

Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazoweza kuchora upya mlima uliofichwa. Picha hutoka nzuri ajabu. Lakini miti iliyopo pale imebuniwa na mashine, si ile mliyoipanda. Kwa taarifa ya mradi picha hiyo haifai hata kidogo.

7. KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita dawati letu lilipokea picha mbili za mteremko mmoja. Ya kwanza ilipigwa mwezi Oktoba, kabla ya kupanda miti, nayo ilijaa vumbi la kiangazi. Ya pili ilipigwa mwezi Mei uliofuata, mwishoni mwa masika. Tulizipanga sambamba ukurasa mmoja. Ya kwanza tuliiacha kama ilivyo, tukisema moyoni kwamba ni picha ya "kabla", haina haja ya kupendeza. Ya pili tuliisafisha kwa nguvu zote na rangi hatukuituliza.

Haikupita muda mhisani mmoja akatuandikia. Aliuliza swali moja tu: msitu huu umeota kwa miezi saba?

Tulipoenda kutazama, miche ilikuwa imefika magotini. Kijani kilichojaa kwenye ukurasa wetu kilikuwa nyasi za masika, pamoja na rangi iliyoongezwa na kompyuta. Mzee mmoja wa pale alipoonyeshwa gazeti aligeuza ukurasa huku na huku, akasema, "Hapa ni pazuri, ila si kwetu."

Hatukuongeza mti hata mmoja. Hatukufuta shimo hata moja. Kila picha peke yake ingeweza kutetewa. Zilipowekwa pamoja zilisema jambo ambalo halikuwepo, na mhisani alikaribia kuamua mchango wake wa mwaka uliofuata kwa jambo hilo. Tulimwandikia kukiri, tukatoa picha zote mbili upya zikiwa zimesafishwa kwa namna moja. Mara hii tofauti ilikuwa ndogo. Alijibu kwa mistari miwili, akiomba idadi ya miche iliyo hai. Kamati ikapanda mteremko ikaihesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyotufaa kuliko ukurasa wetu wa rangi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisi tumeona kuwa huwa fupi hata kwa asiyekusudia kudanganya.

8. WAKATI UKUNGU NDIO HABARI

Kuna picha ambazo utando wake haupaswi kuguswa. Fikirini picha ya jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mama akipika huku moshi umejaa hadi darini. Kwa vifaa tulivyojifunza mnaweza kuupunguza moshi ule mpaka sura ya mama ionekane vizuri. Lakini moshi ndio sababu ya mradi wa majiko sanifu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mkiutoa moshi mmemtoa shahidi.

Kuuongeza ni kosa zaidi. Mwezi Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la habari la Reuters liliondoa picha ya mji wa Beirut baada ya kubainika kuwa moshi wake umeongezwa kwa kompyuta. Picha nyingine ya mpiga picha huyohuyo nayo ilionekana kuchezewa, na Reuters ikaondoa picha zake zote 920 kwenye hazina yake. Huenda nyingi kati ya hizo zilikuwa za kweli. Picha moja iliyochezewa huondoa imani kwa zile zilizobaki.

Hivyo basi, kabla ya kugusa picha, kamati ijiulize: utando huu upo kati ya kamera na jambo, au ndio jambo lenyewe? Kama upo kati, upunguzeni. Kama ndio jambo lenyewe, uacheni.

9. KANUNI ZA KAMATI

Tunapendekeza kila kamati ikubaliane juu ya mambo haya matano na kuyaandika katika muhtasari wa kikao:

1. Picha ya asili itunzwe na katibu, pamoja na tarehe na jina la mahali, na itolewe kwa yeyote atakayeiomba.
2. Picha za "kabla" na "baada" zipigwe mahali pamoja, msimu mmoja na saa inayokaribiana, na zikisafishwa zisafishwe kwa namna moja. Isipowezekana kupata msimu mmoja, maelezo yaseme hivyo.
3. Moshi, vumbi au ukungu unaohusu mradi wenyewe usiguswe.
4. Chini ya picha iliyosafishwa paandikwe: "Picha hii imepunguzwa ukungu. Hakuna kilichoongezwa wala kufutwa."
5. Picha isiende peke yake. Iambatane na hesabu: miche mingapi ilipandwa, mingapi ipo hai, nani alihesabu na lini.

Wahisani nao tunawaomba jambo moja. Msiipime kamati kwa uzuri wa picha zake. Kamati inayotuma picha yenye ukungu na hesabu kamili inafanya kazi nzuri kuliko inayotuma picha safi isiyo na hesabu.

10. ZOEZI NA MASWALI YA KUJADILI

Zoezi: Chagueni mahali pamoja panapotazama mradi wenu kwa mbali. Wekeni alama ya jiwe pale pa kusimama. Pigeni picha moja kila mwezi kwa miezi mitatu, saa ileile. Zifanyieni hatua zote nane, mkiandika namba za nyekundu, kijani na bluu mlizopata kila mara. Kisha waonyesheni wakazi wa mahali hapo picha zote, za asili na zilizosafishwa, bila kuwaambia ipi ni ipi.

Maswali:

1. Wakazi walichagua picha ipi kuwa inafanana na kwao? Kwa nini?
2. Mwezi gani ulikuwa na utando mzito zaidi, na chanzo chake kilikuwa nini: vumbi, moshi wa mashamba au unyevu?
3. Je, katika taarifa zetu zilizopita ipo picha ambayo leo tungeiandikia maelezo tofauti?
4. Mhisani akija kesho bila taarifa na kusimama kwenye lile jiwe, ataona alichokiona kwenye picha yetu?

Swali la nne lijibiwe na wanakamati wakiwa wamesimama pale pale kwenye jiwe, picha ikiwa mkononi.